Doa lisilo na chanzo: jinsi ya kuchakaza B.E.2c ya mwaka 1916

SWALI: Shikamoo fundi. Nimemaliza kuunda modeli ya B.E.2c, ndege ya Waingereza ya Vita Kuu ya Kwanza, kwa skeli ya 1/72 (ndogo mara 72 kuliko ndege halisi). Ni modeli yangu ya tatu, na ya kwanza yenye mabawa ya ghorofa mbili. Nilitaka ifanane na zile za Skwadroni ya 26 zilizoruka huku kwetu Afrika Mashariki mwaka 1916. Nilipaka rangi ya krimu, nikakwaruza kingo za mabawa kwa rangi ya fedha kama nilivyofanya kwenye ndege zangu za Vita Kuu ya Pili, kisha nikapaka vumbi jekundu kila mahali. Sasa inaonekana kama bati kuukuu. Halafu vanishi ya mwisho imegeuka nyeupe kama ukungu. Nimekosea wapi, na je, inaokoleka? (Msomaji, Tabata)

JIBU: Marahaba, mwanangu. Inaokoleka, na wala hutahitaji kuibomoa. Nimelisoma swali lako mara mbili, na neno lililonivuta ni hilo la bati, maana jibu limo humo. Modeli yako inafanana na bati kwa sababu umeichakaza kama bati, na B.E.2c haikuwa bati.

Ndege za Vita Kuu ya Pili ulizozizoea zilikuwa na ngozi ya alumini. Rangi ikibanduka, chuma cheupe kinaonekana chini yake, na hapo mkwaruzo wa fedha una haki yake. B.E.2c ilijengwa kwa fremu ya mbao iliyokazwa kwa nyaya, ikavalishwa kitambaa cha kitani, na kitani kikapakwa dopu, ile vanishi maalumu inayokifanya kikaze kama ngozi ya ngoma. Kwaruza bawa lile kwa kisu na utakuta uzi, na chini ya uzi mbao. Fedha haimo. Chuma kilikuwapo kwenye mabamba ya alumini yanayoizunguka injini, kwenye vifungio vya nguzo na vitu vidogo vya namna hiyo. Hapo pua, na hapo tu, mikwaruzo yako ya fedha naikubali. Iache.

Mimi ninafuata kanuni moja katika kazi hii, na ninaomba uichukue hata kama mengine yote utayasahau. Kabla brashi haijagusa modeli, nataka kujua doa ninalotaka kuliweka limesababishwa na nini. Mafuta ya injini? Moshi? Buti la rubani? Mvua? Kama siwezi kutaja chanzo, siliweki. Watu wengi huanza na mbinu waliyoiona mahali, wakaitafutia pa kuiweka. Ndivyo fedha ilivyofika kwenye kitani chako.

Sasa, kitambaa huchakaa vipi? Hapa Dar tuna shule ya bure kuliko wenzetu wengi wa Ulaya. Amka mapema siku moja uende Kunduchi au Msasani wakati ngalawa zinarudi, uangalie matanga. Usiangalie kwa haraka. Utaona kwamba tanga halibanduki rangi, linafifia. Linafifia zaidi pale jua linapolipiga muda mrefu, na pale linapokunjwa kunabaki mstari. Uchafu haukai katikati ya kitambaa bali unajipanga kwenye mishono. Penye kamba pana weusi wa mikono, miaka ya mikono. Kisha kuna viraka, na kila kiraka kina umri wake: hiki kisafi, hiki kimeanza kufanana na jirani zake, hiki kimeshonwa juu ya kingine. Piga picha kwa simu. Picha hizo zitakufaa kuliko picha za modeli za watu wengine, kwa sababu anayeiga modeli ya mwenzake anaiga na makosa yake.

Bawa la B.E.2c ni tanga lililovutwa juu ya mbavu za mbao. Kila ubavu umefunikwa kwa utepe wa kitani uliobandikwa juu ya mishono. Utepe huo ndio unaokamata vumbi, na ndio unaofifia kwa namna tofauti na kitambaa kilicho katikati. Hivyo uchakavu wa bawa hufuata mbavu, kutoka mbele kwenda nyuma, kwa mistari laini sana. Ukiupaka kwa duara duara, jicho linakataa hata kama mwenye jicho hajui kwa nini.

Rangi yako ya krimu si mbaya. Ndege nyingi za Kiingereza zilizotoka viwandani hadi mwisho wa mwaka 1915 zilikuwa za kitani chenye dopu na vanishi tupu, bila rangi, na kwa mbali zilionekana krimu yenye njano kidogo. Ile rangi ya kahawia inayoelekea kijani, iliyoitwa PC10, ilianza kuenea mwaka 1916. Ilichanganywa kwa udongo wa madini ya chuma na masizi, na kazi yake haikuwa kuficha ndege peke yake: dopu tupu huachia miale ya jua ipite na kuozesha kitani, na PC10 iliikinga. Jua la Ufaransa lilikuwa linawasumbua kiasi hicho. Fikiria la kwetu. Skwadroni ya 26, iliyoundwa na Waafrika Kusini ndani ya jeshi la Uingereza, ilishuka Mombasa mwisho wa Januari 1916. Kwa ndege ya miezi ile ya mwanzo, krimu inakubalika kabisa.

Ila usiipime krimu yako kwa picha za zamani kabla hujajua jambo moja. Filamu nyingi za wakati ule hazikuona nyekundu. Ziliona buluu vizuri kupita kiasi. Ndiyo maana kwenye picha zile buluu ya duara la bawani, ile alama ya ndege za Waingereza, inatoka hafifu kama imefuliwa, na nyekundu ya katikati inatoka karibu nyeusi. Njano nayo huwa nzito kuliko ilivyo. Sasa lipeleke jambo hilo kwenye udongo. Vumbi jekundu la nyika likikaa kwenye magurudumu na tumbo la ndege, filamu ile italionyesha kama doa jeusi. Nimeona waundaji wazuri wakitazama doa kama hilo pichani na kusema "mafuta haya", wakamwaga weusi chini ya kiwiliwili chote. Huenda yalikuwa mafuta. Huenda ilikuwa ardhi tu. Ukiona doa jeusi kwenye picha ya mwaka 1916, uliza liko wapi: likiwa nyuma ya injini fikiria mafuta, likiwa nyuma ya magurudumu fikiria udongo.

Na mafuta yenyewe si ya aina moja. Kuna injini za wakati ule ambazo zilizunguka zenyewe pamoja na pangaboi, kama Gnome na Le Rhône. Hizo zililainishwa kwa mafuta ya nyonyo, haya haya ambayo mabibi zetu waliyajua kwa kazi nyingine, kwa sababu hayachanganyiki kirahisi na petroli. Injini haikuyarudisha, iliyatema. Yalirushwa nje, yakamlowesha rubani, yakapaka ubavu wa ndege utando wa njano ya kahawia unaonata, na vumbi likaganda juu yake. Ukiunda Caudron G.3 kama zile zilizoletwa Mafia mwaka 1915, mwage nyonyo bila woga. B.E.2c haikuwa hivyo. Injini yake ya RAF 1a, silinda nane zilizopangwa kwa umbo la V na kupozwa kwa hewa, nguvu farasi 90, ilikaa imetulia mahali pake. Ilivuja, kama injini zote, lakini haikutema. Alama yake kubwa ni moshi. Kwenye ndege nyingi za aina hii mabomba mawili ya ekzosi yalipanda juu, wima, mbele ya bawa la juu. Kwa hiyo masizi yake hayako ubavuni mwa kiwiliwili. Yako juu ya bawa la juu, karibu na katikati, yakienda nyuma. Kagua kipande cha ekzosi ulichobandika, angalia mdomo wake unaelekea wapi, na moshi uufuate mdomo. Tumia masizi halisi ya mshumaa kwenye ncha ya brashi kavu, kidogo mno, halafu puliza kwa kinywa. Hakuna rangi ya dukani inayofanana na masizi kama masizi.

Tuje kwenye vumbi lako jekundu, maana hapo nina kisa.

Mwaka wa kwanza nilipoanza kuunda ndege za vita vile nilichagua Henri Farman ya Mafia, ile ya kisa cha Rufiji. Nikitaja kisa hicho bado damu inanichemka. Manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, kisha ikajificha ndani ya mikoko ya delta ya Rufiji. Kutoka baharini huioni. Waingereza wakaleta ndege. Zile Sopwith za kuelea majini zilizofika Februari 1915 zilishindwa na hali ya hewa yetu, gundi ikalegea na mapangaboi yakapasuka. Baadaye zikaja Farman mbili na Caudron mbili, zikaruka kutoka kisiwani Mafia. Tarehe 11 Julai 1915 rubani John Cull na mwenzake Arnold waliizunguka Königsberg wakiwaelekeza kwa redio wapigaji wa mizinga wa meli Severn na Mersey: fupi mno, ndefu mno, kulia kidogo. Ndege yao ikapigwa. Injini ikafa. Na Arnold, ndege ikiwa inashuka bila nguvu kuelekea mtoni, akaendelea kutuma masahihisho mpaka mizinga ikampata mlengwa. Walianguka majini wakapinduka, na wote wawili wakaokolewa. Siku hiyo Königsberg ilikwisha.

Basi mimi nikaipaka Farman yangu udongo mwekundu hadi kwenye mkia, kwa sababu kichwani mwangu Afrika ya vitani ilikuwa nyekundu. Miaka kadhaa baadaye nikapanda boti Nyamisati kwenda Mafia kwa shughuli za kifamilia. Tulipita kando ya mikoko ile ile, maji yana rangi ya chai ya maziwa, matope ya ukingoni ya kijivu yanayoelekea weusi. Niliposhuka Kilindoni nikatazama chini. Mchanga. Mchanga mweupe wa minazini, na mawe ya matumbawe. Nilisimama pale huku watu wananipita na mizigo yao, nikijua kwamba modeli iliyokaa kabatini kwangu miaka yote ile ilikuwa inasema uongo kuhusu mahali ilipotoka. Niliporudi nikaiosha.

Yako ni tofauti na ile, na ndiyo maana nakusimulia. Skwadroni ya 26 ilianzia Mbuyuni, upande wa Kenya, kwenye reli ya kijeshi iliyotoka Voi kuelekea Taveta. Nchi ile ni jirani ya Tsavo, na udongo wa huko ni mwekundu kweli kweli. Kwa hiyo wekundu wako hukuukosea. Umekosea mahali pa kuuweka na wingi wake. Baadaye jeshi la Jenerali Smuts, kamanda wa upande wa Waingereza, liliposonga kusini, Morogoro ikatwaliwa Agosti 1916 na Dar es Salaam tarehe 4 Septemba, na ndege zikafuata. Amua ndege yako iko wapi na mwezi gani. Mbuyuni ya Februari ni vumbi kavu. Masika ya mwaka ule yalikuwa makali, majeshi yalikwama kwenye matope, na ndege ya Aprili ina matope yaliyokauka kwenye magurudumu na mirukio yake chini ya bawa la chini. Ukichanganya miezi yote kwenye ndege moja, unapata bati lako.

Vumbi linaingiaje kwenye ndege? Magurudumu hulirusha nyuma, kwenye tumbo na upande wa chini wa bawa la chini. Gongo la mkia linaburuzwa ardhini, kwa hiyo mkia kwa chini ni mchafu daima. Pangaboi linavuta vumbi na kulipuliza kwenye pua na kwenye mizizi ya mabawa. Buti zinalipandisha pale wanapopandia mtazamaji, ambaye kwenye B.E.2c alikaa mbele, na rubani nyuma yake. Bawa la juu, upande wa juu? Hapo hakuna anayekanyaga na hakuna gurudumu linalofika. Vumbi la hapo ni lile linalotua lenyewe, jembamba, na mvua ya kwanza inalisafisha. Wewe uliniandikia "kila mahali". Toa wekundu wote juu ya bawa la juu.

Na usitumie udongo wa uani kama ulivyo. Kwenye skeli ya 1/72 milimita moja inasimama badala ya sentimita saba na zaidi. Chembe ya mchanga ya nusu milimita ni jiwe la sentimita 3.6 limebandikwa kwenye bawa la rubani. Wengi wanapenda wazo la kutumia udongo halisi, nami nalipenda, ila uusage kwenye kinu kidogo, uupitishe kwenye kitambaa cha soksi nyembamba za kike, kisha uusage tena. Au chukua chaki za rangi za wanafunzi, nyekundu na kahawia na nyeupe kidogo, uzisugue kwenye msasa upate unga. Mimi siku hizi natumia chaki. Udongo halisi ukishika unyevu unakuwa mweusi, na unyevu hapa mjini haukosekani.

Hilo linatupeleka kwenye ukungu wa vanishi, ambao si kosa la mkono wako. Ni hewa ya Dar. Unapopuliza vanishi ya kopo, thina inayeyuka hewani haraka na kuupoza uso wa modeli. Hewa ikiwa imejaa unyevu, maji yanatua ndani ya vanishi kabla haijakauka, yanafungiwa humo, na unaona weupe. Ukipuliza usiku baada ya kazi, au asubuhi na mapema, au mvua ikiwa imetoka kunyesha, umeutafuta ukungu mwenyewe. Saa zetu nzuri ni kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, siku ya jua, na miezi mizuri ni ile ya kipupwe, Juni hadi Agosti. Mimi masika yote sipulizi vanishi kabisa. Naunda, nasugua, napaka kwa brashi, nasubiri. Kama una chumba chenye kiyoyozi, kiwashe nusu saa kabla, upulizie nje barazani haraka, kisha uiingize modeli humo ikaukie huko. Kopo likae kwanza dakika tano kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, yasiwe ya moto. Puliza nyembamba, mara tatu, badala ya moja nzito.

Weupe ulionao sasa mara nyingi huondoka ukipuliza tena vanishi ile ile ya kung'aa, nyembamba, siku kavu: thina mpya inalegeza tabaka la zamani na maji yanapata njia ya kutoka. Lijaribu hilo kwanza upande wa chini wa bawa la chini, mahali pasipoonekana. Likikubali, fanya modeli yote.

Baada ya hapo mpango wangu kwa modeli yako ni huu. Chukua msasa wa namba 2000, uloweshe, uondoe fedha kwenye kingo za mabawa kwa mkono mwepesi. Ukifika kwenye plastiki hakuna neno. Paka krimu upya hapo na kwenye bawa la juu lote, nyembamba, mara mbili, ukiacha utofauti mdogo kati ya nafasi za mbavu. Usijaribu kuifanya iwe sawasawa. Vanishi ya kung'aa ifuate, siku kavu. Duara za rangi tatu zikiwa tayari zipo, zizungushie krimu kwa brashi ndogo. Kama umebakiwa na karatasi ya stika za akiba na imegeuka njano, ibandike dirishani ndani ya mfuko wa plastiki, jua la wiki moja litaing'arisha.

Halafu rangi ya mafuta ya wachoraji, ile ya tyubu. Kahawia iliyoiva na kijivu zinatosha. Weka tone la ukubwa wa punje ya mtama kwenye kadibodi, uliache saa moja ili kadibodi inyonye mafuta yake, la sivyo itang'aa na kuchelewa kukauka. Chukua brashi namba sifuri, chora uzi mwembamba kando ya utepe wa kila ubavu, upande mmoja tu. Kisha brashi nyingine, safi, yenye unyevu wa tapentaini tu, uufute ukivuta kutoka mbele kwenda nyuma mpaka karibu usiuone. Hiyo "karibu" ndiyo kazi yenyewe. Ukirudi nyuma hatua mbili na bado unauona mstari, umezidisha. Nilijifunza uvumilivu wa kupangusa kwa kuwatazama wachoraji wa Tingatinga pale Oysterbay, ambao wanafanya kazi na rangi za mafuta zinazong'aa na hawaogopi kusubiri tabaka likauke. Kaa nao nusu siku, utaona jinsi brashi inavyoshikwa.

Viraka nisingeviacha. Risasi na matawi yalitoboa kitani, na mafundi walikata kipande, wakakibandika kwa dopu. Kiraka cha milimita moja na nusu kwenye modeli yako ni kama sentimita kumi na moja kwenye ndege, ukubwa unaoaminika. Kata kutoka karatasi tupu ya stika iliyopakwa krimu safi zaidi kidogo kuliko bawa, pembe nne, ubandike viwili au vitatu. Visipangwe. Risasi haijui ulinganifu. Kimoja kikikaa juu ya ubavu, kiache kipinde nao.

Mng'ao wa mwisho nao unahitaji kufikiriwa. Wengi hupuliza vanishi isiyong'aa kabisa na ndege inakuwa kama chaki. Kitani chenye dopu na vanishi kilikuwa na mng'ao wa hariri. Jua liliufifisha kwa juu, na kwa chini ya mabawa, kivulini, ulibaki. Kwa hiyo juu paka nusu mng'ao, chini ongeza kidogo. Kwenye kabati mwanga wa taa ukipita chini ya bawa utaona tofauti hiyo, na hapo kitambaa kinakuwa kitambaa.

Hukuniuliza kuhusu nyaya, lakini nimeona kwenye picha uliyonitumia zimelegea, na ndege hii bila nyaya zilizokaza ni kama ngoma bila kamba. Mshipi wa kuvulia wa milimita 0.1 ni mnene tayari, sawa na waya wa milimita saba. Unywele wa mtu una kama milimita 0.07 na unafaa sana. Njia ninayoipenda ni kuvuta plastiki: shika kipande cha ile fremu ya plastiki iliyoshikilia vipande vya modeli yako juu ya mshumaa, kikianza kulegea kitoe motoni ukivute kwa mwendo mmoja, utapata uzi mwembamba. Kata, bandika kwa tone la gundi lililochukuliwa kwa ncha ya sindano. Uzi ukilegea, washa kijiti cha udi, ukipitishe karibu na uzi bila kuugusa, nao utajikaza mbele ya macho yako. Upake kijivu cha chuma, usiwe mweusi. Gundi ya supaglu ndani ya chumba kisicho na hewa huacha ukungu mweupe kwenye rangi na kioo, kwa hiyo fungua dirisha. Nyaya zifungwe kabla ya unga wa chaki, kwa sababu vidole vyako vitafuta kila kitu.

Chaki iwe ya mwisho. Magurudumu, gongo la mkia, tumbo, mahali pa kupandia. Kijiti cha meno chenye pamba kidogo, unga kidogo, kung'uta, gusa. Kisha acha modeli hadi kesho yake kabla ya kuongeza, kwa sababu usiku kila mtu anaona vumbi ni dogo, na asubuhi analiona lilivyo. Usipake vanishi juu yake. Vanishi inaimeza chaki na kuigeuza tope. Ifunike kwa boksi la plastiki angavu na utie humo vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu.

Utakapochagua mwezi na mahali ndege yako ilipo, andika kwa penseli chini ya kibao chake: Mbuyuni, Februari 1916, au utakavyoamua. Ukiandika Aprili, niandikie tena kabla hujapaka matope, nikueleze namna ya kuyakausha yakapasuka.